Kanisa na Mtaa Wake: Mwongozo kwa Kamati ya Huduma

Kuna makanisa yamekaa mtaani miaka ishirini, na siku pekee ambayo mwenyekiti wa mtaa amewahi kupiga hodi ni siku aliyoleta malalamiko ya spika. Waumini wanakuja Jumapili kwa bodaboda na daladala, wanasali, wananunua ndizi na kuku kwenye mnada wa sadaka, wanaondoka. Geti linafungwa mpaka Jumatano ya mazoezi ya kwaya. Jirani wa ukuta kwa ukuta hajui hata mchungaji anaitwa nani.

Haya niliyoandika hapa ni kwa ajili ya kamati ya huduma ya kanisa la namna hiyo: iwe ni udiakonia kwa Walutheri, Karitasi kwa Wakatoliki, au lile kundi la akina mama na wazee wawili ambalo kwenye makanisa mengi ya kilokole halina hata jina lakini ndilo linalofanya kazi yote. Nazungumzia Tanzania, na zaidi mitaa ya mjini kama ya kwetu Morogoro, ambako Waislamu na Wakristo wanachangia uchochoro mmoja na mara nyingine ukoo mmoja.

Rai yangu ni moja: msianze na mradi. Mtaa tayari una mambo yake: unazika, unafagia, unagombana kuhusu taka, unachangia mlinzi wa usiku. Ingieni humo kwanza kama wakazi wengine. Mradi, kama upo, utajionyesha wenyewe.

Barua iende ofisi ya mtaa

Andikeni barua ya ukurasa mmoja, isainiwe na mchungaji na katibu, igongwe muhuri. Iwe na mambo matatu tu: kanisa ni lipi na limesajiliwa chini ya nani (makanisa mengi yako chini ya dayosisi au makao makuu yaliyosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi), majina na simu za watu wawili wanaoweza kupigiwa saa yoyote, na vitu vya kanisa ambavyo mtaa unaweza kuvitumia. Mipango msiandike. Kabati za ofisi za mitaa zimejaa mipango ya watu waliokuja mara moja wakapiga picha na mwenyekiti.

Mjue mnaongea na nani. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa na halmashauri, na ndiye anayekaa ofisini siku zote, kwa hiyo barua ipokelewe naye na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Balozi wa nyumba kumi ni habari nyingine. Huyo ni kiongozi wa chama, si wa serikali, ingawa mtaani watu wanampelekea kila kitu. Balozi anajua nani kalala bila kula kuliko ofisi yoyote. Msalimieni, shirikianeni naye kwenye misiba, ila barua ya kanisa isipite kwake, maana siku upepo wa siasa ukigeuka mtaambiwa nyinyi ni tawi.

Baada ya hapo, hudhurieni mkutano wa mtaa. Kijijini sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Angalieni neno “mkazi”. Mchungaji anayeishi kata nyingine ni mgeni pale, na hana haki ya kuongea zaidi ya mama anayeuza vitumbua kwenye kona. Wapelekeni waumini wanaoishi mtaani hapo, wakae, wasikilize, na wazungumze kama wakazi wenye kero ya mtaro na si kama wajumbe wa kanisa. Mkiombwa kufungua kwa sala, fupisheni, na kama sheikh yupo naye apewe nafasi.

Viti, turubai na sufuria

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kanisa linapopimwa.

Kaeni kikao kimoja mwandike kila kitu mlichonacho: viti vya plastiki, maturubai, sufuria kubwa, meza, choo, maji, ukumbi, uwanja, jenereta. Kisha andikeni watu: nesi, mwalimu mstaafu, fundi umeme, dereva mwenye Noah, yule anayejua kuandika barua za mirathi. Orodha hii ndiyo mtaji wenu, na kwa makanisa mengi ni kubwa kuliko sadaka ya mwaka mzima.

Kitu cha kwanza kuazimishwa ni viti na turubai kwa misiba. Wekeni utaratibu huu:

Msiba ni bure kwa kila anayeishi ndani ya mtaa, wa dini yoyote na asiye na dini. Harusi, send-ofu na kipaimara walipie, na hiyo hela ndiyo inunue viti vipya. Msipotenganisha hivi mtaishia ama kuwatoza wafiwa ama kukaa na viti vilivyovunjika miguu.

Kila kiti kipakwe alama ya rangi chini ya kalio, si kwenye mgongo. Alama ya mgongoni inawafanya watu waliokaa msibani waonekane wako kanisani, na wako wanaoona vibaya. Kuwe na daftari: vimetoka vingapi, nani kasaini, vimerudi vingapi. Vikipungua viwili vitatu, msiwatume vijana kwenda kudai kabla arobaini haijaisha. Kanisa lililokwenda kumdai mjane viti siku ya tatu litasemwa mtaani kwa muda mrefu sana, na siwalaumu wanaosema.

Ufunguo wa stoo usikae kwa mchungaji peke yake. Ukae kwa watu wawili wanaolala jirani na kanisa. Waislamu wanazika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hiyo turubai linatakiwa ndani ya saa mbili baada ya taarifa. Likija kesho yake, limekuja kufunika vyombo.

Sufuria zinahitaji akili ya ziada. Kama kanisani kwenu huwa mnapika kitimoto kwenye sherehe, tengeni seti nyingine ya sufuria, miiko na karai ambazo hazijagusa nguruwe kamwe, ziwekwe stoo tofauti na zitiwe alama. Mfiwa Muislamu hatawauliza, ataomba udhuru tu na kwenda kukodi kwingine, nanyi mtabaki mkijiuliza kwa nini vyombo vyenu havichukuliwi. Hivyo hivyo kwa kuchinja: shughuli ikiwa ya mtaa mzima, mwacheni Muislamu achinje, kama ambavyo mitaa mingi nchini imezoea. Wapo wachungaji wanaoliona hili kama kunyenyekea kupita kiasi. Mimi nawakumbusha kuwa mwaka 2013 ugomvi wa nani achinje ulifikia kumwaga damu ya watu Buseresere, mkoani Geita. Mbuzi mmoja hafai kuwa chanzo cha hayo.

Na mkishapeleka viti, nendeni mkakae. Wawakilishi wawili watatu wanatosha. Rambirambi ya kanisa iandikwe kwenye daftari la msiba kama ya wengine, na msiombe kipaza sauti. Msipoitwa kuhubiri, msihubiri.

Kama mna kisima, mna jambo jingine kubwa mkononi. Hakikisheni kina kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde (kwetu ni Wami/Ruvu), na maji yapimwe kabla ya kumpa mtu ndoo ya kwanza. Kisha toeni koki nje ya uzio. Hili dogo linabadilisha mengi: mama anachota bila kuomba ruhusa kwa mlinzi, bila kupita mbele ya mlango wa kanisa, bila kuulizwa anasali wapi. Bei ya ndoo iandikwe ukutani, na itoshe umeme wa pampu na matengenezo, basi. Wazee wasiojiweza wachotewe bure na vijana wa kanisa. Wao hawatakuja kuomba.

Punguzeni spika

Sitazungusha maneno. Kanisa linalotaka kuwa jirani mwema na huku mikesha yake ya Ijumaa inatikisa madirisha ya watu hadi alfajiri, linajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Spika zielekezwe ndani. Baada ya saa nne usiku, sauti itoshe waliomo ukumbini. Kelele zina kanuni zake chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, lakini mkisubiri barua ya NEMC mmeshachelewa kwa majirani.

Kuna majira ya kuangalia zaidi: kwa kawaida Septemba darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa, na Novemba ni zamu ya kidato cha nne. Wiki hizo zimeni kabisa vyombo vya nje, na fungueni ukumbi jioni kwa wanafunzi wa mtaa wote kujisomea. Wengi wao nyumbani wana chumba kimoja, taa moja na televisheni inayowaka. Mnachohitaji ni umeme, viti, maji ya kunywa na mtu mzima wa kuketi mlangoni. Tuisheni msiahidi kama hamna walimu. Meza yenye mwanga ni msaada tosha.

Damu: shughuli moja ya kuanzia

Mkitaka jambo la kuuita mtaa mzima bila mtu kuhisi anavutwa kubatizwa, chagueni kuchangia damu. Haina dini, haigharimu sana, na kila familia ina mtu aliyewahi kuambiwa hospitalini “tafuteni wachangiaji”.

Mwezi mmoja na zaidi kabla, andikeni barua kwa hospitali ya wilaya au ofisi ya kanda ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, mkitaja siku, mahali na makadirio ya watu. Wao ndio wenye wataalamu, vitanda na mifuko. Kazi yenu ni mahali penye kivuli na umeme, meza, chumba chenye faragha kwa ajili ya ushauri, maji, soda na biskuti. Epukeni Ramadhani na siku za mfungo wa kanisa, maana mtu asichangie akiwa na njaa. Siku ya tukio waambieni watu wanywe chai nzito kabla ya kuja. Nendeni msikitini wiki mbili kabla, mkazungumze na imamu ana kwa ana, na muulizeni kama tangazo litasomwa pia baada ya swala ya Ijumaa. Mara nyingi atawauliza kwa nini msifanye pamoja, na hapo kubalini haraka: bango liwe na majina yote mawili.

Tangazeni masharti mapema: miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanamume akichangia anaweza kurudi baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Kisha semeni waziwazi, kanisani na mtaani, kwamba watu wengi watarudishwa kwa sababu za kawaida tu: uzito, wingi wa damu, presha, dawa wanazotumia. Hili ni la lazima. Damu inapimwa VVU, homa ya ini na kaswende, mtaa unalijua hilo, na kijana akitoka chumbani bila plasta mkononi watu wanaanza kunong'ona. Wekeni soda na biskuti kwa kila aliyejitokeza, aliyetoa na aliyerudishwa, na mlango wa kutokea usiwe ule wa kuingilia.

Usafi wa mtaa ni rahisi zaidi, kwa kuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Jiungeni na mtaro ambao mtendaji amepanga, msijichagulie wa kwenu mbele ya geti la kanisa. Wasabato, ambao Jumamosi ni siku yao ya ibada, wamwombe mtendaji awapangie Jumapili asubuhi, barabara haitakataa. Miti nayo ni hivyo hivyo. Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, kanisa la Kilutheri nchini, enzi za Askofu Fredrick Shoo, ilijulikana kwa kuwataka vijana wa kipaimara kupanda miti Kilimanjaro. Mkiiga, amueni kabla ya kuchimba shimo nani atamwagilia kiangazi. Mche bila jina la mtu ni chakula cha mbuzi.

Wenye shida

Msaada wa chakula ndio makanisa mengi yanaoukimbilia kwanza, na ndio unaofanywa vibaya zaidi. Foleni ya wajane mbele ya madhabahu, kila mmoja na mfuko wa unga, kamera mbele: hiyo inawasaidia watoaji zaidi ya wapokeaji. Tangu kuwepo kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kusambaza picha na majina ya watu bila ridhaa yao si suala la adabu peke yake.

Njia ninayoipendekeza ni ya dukani. Chagueni duka moja au mawili ya mtaani, ya Mangi au ya Mpemba, yoyote yenye bei nzuri na mwenye duka asiyeropoka. Kanisa linaweka hela mwanzoni mwa mwezi. Mama anakwenda saa anayotaka, anachukua unga, mafuta ya kula, sabuni, au taulo za kike kwa binti yake, mwenye duka anaandika kwenye daftari kama anavyowaandikia wateja wengine wa mkopo. Anayesimama nyuma yake haoni tofauti. Hela inabaki mtaani, na mama anachagua mwenyewe. Mwisho wa mwezi mweka hazina anapitia daftari pamoja na mwenye duka. Sigara na pombe visiwemo, mengine msipangie.

Orodha ya wanaohitaji isitoke kanisani peke yake. Kaeni na mtendaji na afisa ustawi wa jamii, mwone nani tayari yuko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na nani aliachwa. Na angalau nusu ya majina yawe ya watu ambao hawasali kwenu. Msiwaalike ibadani siku mnayowapelekea msaada. Wakitaka kuja wanajua kanisa lilipo.

Watoto

Hapa hakuna mjadala. Shule ya Jumapili, kwaya ya watoto, kujisomea jioni: muda wote wawepo watu wazima wawili, mlango wazi, na hakuna mtoto kutumwa nyumbani kwa kiongozi kufua wala kuchota maji. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ibandikwe ukutani kwa herufi kubwa, mahali watoto wanapoweza kuisoma.

Mtoto akisema jambo, msimwite baba yake kwanza, na msiite kikao cha wazee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa kutoa taarifa serikali za mitaa. Na Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi kwa kazi hiyo. Ule msemo wa “tuyamalize kikanisa” umewaficha watu wasiostahili kufichwa. Kama mtuhumiwa ni kiongozi wenu, taarifa iende siku hiyo hiyo, na yeye akae pembeni na watoto hadi ukweli ujulikane.

Hela, vikundi na wanasiasa

Michango ya huduma isipite kwenye simu ya mchungaji. Fungueni Lipa Namba ya kanisa au akaunti yenye wasaini wawili, na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni nje, ambapo hata asiye muumini anaisoma akipita. Nimeona kanisa likiaminiwa mchango wa daraja la mtaa mzima kwa sababu ya karatasi hiyo tu.

Vikoba vikiomba kukutana ukumbini, vipeni nafasi, ila sanduku lisilale kanisani na kanisa lisiwe mdhamini. Waelekezeni wajisajili kwa afisa maendeleo ya jamii, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavihusu. Afisa huyo huyo ndiye mlango wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa baadaye. Ni ya vikundi, si ya taasisi za dini. Mnachoweza kutoa ni ukumbi, mtu wa kusaidia kuandika katiba, na mhasibu mmoja wa kuwafundisha vitabu.

Kuhusu siasa: uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na huja kila miaka mitano. Miezi michache kabla, wageni wenye bahasha huanza kupenda ibada. Amueni mapema kwenye baraza la wazee, iandikwe kwenye muhtasari: mgombea wa chama chochote anakaribishwa kusali, anatoa sadaka kwenye kapu kama wengine, hatambulishwi, hapewi kipaza sauti, wala haongozi harambee. Muumini wenu akigombea, mwombeeni nyumbani kwake. Mkikosea hapo, kila kiti mlichoazimisha kitahesabiwa kuwa cha kampeni.

Mchungaji akihamishwa

Hili husahaulika, na kazi ya miaka huanguka kwa uhamisho wa barua moja. Makabidhiano yasiwe ya vyombo vya madhabahuni tu. Yawe na daftari la viti, daftari la dukani, nakala za barua zenye muhuri wa mtaa, majina ya wenye funguo, na simu za mtendaji, imamu, afisa ustawi na nesi wa zahanati. Katibu wa kamati, ambaye ni mkazi na hahamishwi, amchukue mchungaji mpya wiki ya kwanza, kabla ya sherehe ya kumkaribisha, waende kwa miguu: ofisi ya mtaa, msikitini, zahanati, shuleni, dukani. Kama kuna msiba siku hiyo, waanzie huko.